Hamad wa Fundo: Jina la Babu na Jina la Ukoo

Magharibi ya mji wa Wete, katika Mkoa wa Kaskazini Pemba, kipo kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe kiitwacho Fundo. Watu wake huishi kwa uvuvi, kwa kilimo cha mwani na kwa vyombo vya baharini. Mtu akishika orodha ya majina ya kisiwa hicho, au ya kijiji chochote cha Pemba ya Kaskazini, hachelewi kukutana na jina Hamad, mara likiwa mwanzo, mara katikati, mara mwisho. Mgeni aliyezoea desturi za nchi nyingine huliona jina la mwisho akadhani ni la ukoo, na kwa kuwa limerudi mara nyingi husema kwamba ukoo wa Hamad umeenea Pemba nzima. Kauli hiyo haina ukweli. Wengi wa hao wanaoandikwa Hamad mwishoni hawana babu mmoja; na kinyume chake, baba na mwanawe waliomo nyumba moja huwa na majina ya mwisho yaliyo mbalimbali.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jina hili kwa mambo matatu: asili yake, maana yake, na sababu ya kuenea kwake. Kisha tutatoa hukumu yetu juu ya desturi ya siku hizi ya kulilazimisha liwe jina la ukoo. Tunalitazama kwa jicho lile lile ambalo mhakiki hulitumia katika kutazama ushairi, kwa kuwa jina nalo ni utungo: lina sauti, lina maana, lina mahali pake, na likiwekwa pasipo pake huharibu maana ya yale yanayolizunguka.

Tuanze na asili. Hamad ni neno la Kiarabu. Shina lake lina konsonanti tatu, h, m na d, na maana yake ni kusifu na kushukuru. Katika shina hilo yametoka majina Muhammad, Ahmad, Mahmud, Hamid na Hamida, na vilevile kitenzi chetu cha kuhimidi. Kiswahili kilipolipokea jina hili kilitaka silabi wazi, kikasema Hamadi, kama kilivyosema Saidi, Rashidi na Hamisi. Irabu hiyo ya mwisho imepotea zaidi katika karatasi kuliko midomoni mwa wazee.

Hapa pana mtego wa kwanza. Kiswahili kina pia tamko hamadi, ambalo humtoka mtu anapojikwaa au anapoponyokwa na kitu. Tena ipo methali isemayo: Hamadi kibindoni, silaha mkononi, yaani akiba ni ile uliyo nayo katika kibindo chako, na silaha ni ile uliyoishika. Mwanafunzi mwepesi anaweza kuyachukua maneno hayo akatunga maelezo mazuri: kwamba mtoto huitwa Hamadi kwa kuwa ni akiba ya wazazi wake, au kwa kuwa alizaliwa siku ya mshtuko. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayana ushahidi zaidi ya mfanano wa sauti, na mfanano wa sauti peke yake hautoshi kuthibitisha asili ya jina. Tuchukue jina la kisiwa chenyewe. Katika Kiswahili lipo fundo la kamba, lipo fundo la maji mtu alipigalo kinywani, na lipo fundo la moyo, ambalo ni kinyongo. Atakayechagua moja ya maana hizo akaitangaza kuwa ndiyo asili ya jina la Fundo, pasipo hati wala mapokeo ya wenyeji, atakuwa ametunga hadithi wala hakufanya uchunguzi. Mshairi anayo ruhusa ya kucheza na maneno Hamadi na hamadi katika beti zake, na sisi tungemsifu akifanya hivyo kwa ustadi. Mwalimu wa historia ya lugha hana ruhusa hiyo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni kulifanya jina kuwa hati ya damu. Kwa muda mrefu wamekuwapo watu waliosema kwamba mwenye jina la Kiarabu lazima awe na asili ya Uarabuni, na kwamba majina haya yaliletwa na utawala wa Masultani wa Oman. Ni kweli kwamba alikuwapo Sultani aliyeitwa Hamad bin Thuwaini, aliyetawala Zanzibar tangu 1893 hadi 1896. Lakini Mabusaidi waliitwaa Pemba kutoka mikononi mwa Mazrui katika miaka ya 1820 tu, na majina ya namna hii yalikuwa yamekwisha kukaa katika visiwa vyetu kwa karne nyingi kabla yao.

Ushahidi wenyewe umechimbwa si mbali na Fundo. Mwaka 1984, katika magofu ya Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji ya Wete, wachunguzi wa mambo ya kale walipata hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu hizo za fedha ni za karne ya 11, nazo zilitolewa na watawala wa pwani hii hii. Miongoni mwa majina yaliyomo ni Ali bin al-Hasan. Kwa mtu apendaye ushairi, sarafu za namna hiyo zina jambo la kupendeza: upande mmoja huwa na jina la mtawala, na upande wa pili huwa na maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyopangwa ili kina chake kilingane na kina cha jina. Huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, msikiti wa kale una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107, na katika maandishi hayo limo jina la al-Hasan bin Muhammad. Basi shina la h, m na d lilikuwa limechongwa katika mawe ya Unguja zaidi ya miaka 700 kabla ya Mabusaidi kuitwaa Pemba. Jina lilikuja na dini na ujirani wa bahari, na watu wa pwani wakalifanya lao. Mvuvi anayeitwa Hamad hathibitishi kwa jina hilo kwamba ni Mwarabu, wala halimwondolei Uafrika wake. Hata huko Oman kwenyewe, wengi wa watu waliotoka Zanzibar na kurejea baada ya 1970 walitakiwa waonyeshe jina la kabila. Hamad peke yake halikuwa hoja.

Sasa tuitazame maana. Maana ya Hamad katika kamusi ni sifa na shukrani, lakini maana yake katika maisha ya Fundo hutokana na mahali linapokaa. Mpangilio wa majina yetu ni mnyororo. Pete ya kwanza ni jina la mtu mwenyewe, ya pili ni la baba, ya tatu ni la babu, na mwenye kumbukumbu huendelea mpaka la saba na kupita. Zamani pete hizo ziliungwa kwa bin na binti. Siku hizi maneno hayo aghalabu huachwa, lakini maana yake ingalipo. Tukisema Juma Khamis Hamad, tunasema: Juma, mwana wa Khamis, mwana wa Hamad. Jina hilo ni sentensi kamili iliyoficha viungo vyake. Asiyejua viungo hivyo huisoma kama orodha ya maneno matatu.

Katika sentensi hiyo kuna kanuni ya pili. Mtoto mwanamume aghalabu hupewa jina la babu yake, kwa heshima ya aliyekufa au kwa kumfurahisha aliye hai. Kwa hiyo majina mawili huweza kupokezana kizazi baada ya kizazi: Hamad Khamis Hamad Khamis. Wasomaji wa mashairi watautambua mpango huo mara moja, kwani ni ule ule wa ukwapi na utao, ambapo kina cha kati na kina cha mwisho hupokezana na sikio hujua kipi kitafuata. Mfano mashuhuri tunao kwa malenga wa Tumbatu, Haji Gora Haji, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, mwenye diwani ya Kimbunga. Jina lake lenyewe limepangwa kwa vina: Haji mwana wa Gora mwana wa Haji. Mtu akimwita Bwana Haji kwa kudhani kwamba ametaja ukoo wake, atakuwa amemtaja babu au amemtaja yeye mwenyewe, wala hatajua ni yupi.

Kwa kanuni hiyo tunapata jibu la swali la tatu, kwa nini jina hili limeenea. Sababu ya kwanza ni ya dini. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba majina yanayopendeza zaidi kwa Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Watu wakaongeza usemi kwamba jina bora ni lile lenye maana ya kuabudu au ya kuhimidi. Usemi huo wa pili wanazuoni hawaukubali kuwa ni hadithi sahihi, hata hivyo umekaa midomoni mwa watu, na umeyapa majina ya shina la h, m na d nafasi ya mbele katika siku ya akika. Sababu ya pili ni hiyo desturi ya kumrudisha babu, kwa kuwa jina lililopendwa mara moja hurudi katika kila nyumba ya wajukuu. Mzee mmoja mwenye watoto wanane wa kiume anaweza kuacha wajukuu wanane wanaoitwa kwa jina lake. Sababu ya tatu ni ya mahali. Katika kisiwa kidogo watu huoana jirani kwa jirani, na akiba ya majina inayotumika si kubwa: Hamad, Khamis, Juma, Faki, Kombo, Makame, Ali, Omar. Majina machache yakizunguka katika kisiwa kidogo kwa vizazi vingi, hapana budi yakutane.

Wenyeji hawapotezwi na wingi huo. Wakiwapo akina Hamad wanne katika mtaa mmoja, mmoja huitwa kwa lakabu, wa pili kwa kazi yake, wa tatu kwa kitongoji anachokaa, na wa nne kwa jina la mama yake. Hapo penye jina la mama tuna la kukosoa, kwani hakuna desturi isiyokuwa na kasoro. Mnyororo wetu unawaandika wanaume peke yao. Binti huandikwa Asha Khamis Hamad, huolewa na kubaki na jina la baba yake, na hilo ni jambo la heshima ambalo mataifa mengi hayakuwa nalo. Rais Samia Suluhu Hassan ni mke wa mtu, na jina la mumewe halimo katika jina lake. Lakini katika majina ya watoto wa Asha, Asha hayumo. Kijiji kinamkumbuka kwa mdomo, na daftari halimjui. Atakayeandika nasaba ya nyumba yake asiwaandike wanawake ameandika nusu yake.

Sasa tufike kwenye hukumu. Fomu nyingi tunazojaza zina nafasi tatu, na ya tatu huandikwa jina la ukoo. Mtu wa Fundo hana jina hilo, basi huandika jina la babu. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na kwa kuwa tumekaa miaka mingi mbele ya madaftari ya serikali, tumeyaona yakirudi kwa sura ile ile. Tuchukue mfano. Hamad alimzaa Khamis, Khamis akamzaa Juma, na Juma akamzaa Salim. Juma ameandikwa Juma Khamis Hamad. Mwanawe, kwa mpangilio wetu, ni Salim Juma Khamis. Karani asiyeujua mpangilio huuliza: mbona ukoo wa mtoto si ukoo wa baba? Ili kuondoa usumbufu, Juma hubadili na kumwandika mwanawe Salim Juma Hamad. Usumbufu wa siku hiyo umeondoka, na Khamis naye ameondoka. Babu aliyemlea mtoto amefutwa katika jina la mtoto, na mahali pake amekaa baba wa babu.

Yapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Lingekuwa dogo kama jina lingetumika kwa kuitana tu. Lakini mirathi hugawanywa kwa nasaba. Siku ambayo wajukuu watasimama mbele ya kadhi kudai haki yao, ijapokuwa haki yenyewe ni minazi michache na sehemu ya mashua, watatakiwa kuonyesha kwamba wametokana na Khamis, na karatasi yao itasema Hamad. Kadhalika mambo ya ndoa: vijana wawili wenye Hamad mwishoni hudhaniwa kuwa ni ndugu nao si ndugu, na wengine wawili wenye babu mmoja huonekana kuwa ni wageni. Mwanafunzi naye hupatwa na yake. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamadi, cheti cha mtihani kimeandikwa Hamad, na jina la tatu katika kimoja si la tatu katika kingine. Mtu mmoja amekuwa wawili, na huenda akahangaika kutafuta viapo wakati wenzake wamekwisha kuanza masomo.

Upotofu huo huo hufika hata kwa watu mashuhuri na kwa vitabu. Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, aliyefariki tarehe 17 Februari 2021, aliandikwa katika magazeti ya nje kuwa "Hamad," na kwa mpangilio wa kwao hilo ni jina la babu. Nyumbani hapana aliyemwita hivyo. Katika maktaba, Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), huwekwa chini ya neno Mohamed pamoja na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), kana kwamba wametoka mlango mmoja. Kila mmoja ana Mohamed wake. Mwanafunzi anayeandika katika insha yake kwamba "Mohamed amesema" hajamtaja mtu yeyote.

Hatusemi kwamba jina la ukoo ni ubaya. Kwa Wazanaki, Nyerere lilikuwa jina la mtu mmoja, Chifu Nyerere Burito. Kwa mwanawe Julius Kambarage likawa jina la nyumba nzima. Katika Zanzibar, Amani Abeid Karume amelichukua jina la mwisho la baba yake, Abeid Amani Karume. Rais Hussein Ali Mwinyi naye, kwa mnyororo, angekuwa Hussein Ali Hassan, kwa kuwa baba yake alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Nyumba hizo zina majina ya ukoo kama ilivyo haki ya nyumba yoyote. Waingereza nao wana Johnson, ambaye hapo kale alikuwa mwana wa John kweli, na leo baba yake anaweza kuwa na jina lolote. Waturuki waliwekewa sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934. Aislandi, kwa upande mwingine, imebaki na desturi kama yetu: Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais tangu 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi, na katika orodha ya simu ya nchi hiyo watu hupangwa kwa jina la kwanza. Nchi hiyo ina benki, ina vyuo vikuu, ina pasipoti, na mnyororo haukuizuia kuendelea. Basi hoja kwamba maendeleo hayawezekani bila jina la ukoo haisimami.

Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba mamlaka zinahitaji kumtofautisha mtu na mtu. Hoja hii tunaikubali, lakini jina Hamad haliwezi kuifanya kazi hiyo mahali ambapo wenye Hamad ni wengi hivyo. Kazi hiyo hufanywa na namba. Tangu sheria ya mwaka 2018, Zanzibar inao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mtoto huweza kuandikwa kwa namba yake tangu kuzaliwa. Namba ikimtambulisha mtu mbele ya karani, jina liachwe limtambulishe mbele ya jamaa zake.

Kwa walimu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aandikwe shuleni kama alivyoandikwa katika cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na asibadilishiwe jina la tatu ili lilingane na la baba yake. Pili, nafasi ya tatu katika daftari la shule iitwe jina la babu penye jina la babu, na jina la ukoo penye ukoo wenye jina. Tatu, kila mwanafunzi apewe zoezi la kuwauliza wazee wake mnyororo wa majina yake mpaka la saba, upande wa baba na upande wa mama, na auandike pamoja na majina ya wanawake. Zoezi hilo halihitaji kitabu wala fedha, na wale wenye majibu yake hupungua kila mwaka.

Hamad ni jina zuri, na wingi wake si aibu. Kila aliye nalo mwishoni amebeba jina la babu yake, aliyekuwa mtu mmoja, mwenye kaburi lake na watoto wake. Daftari linaloligeuza jina hilo kuwa la ukoo usiokuwapo linamwondolea mtoto babu yake, na hapana sheria ya nchi yetu iliyokusudia hivyo.